Albamu ya makelele na mapenzi: nimeisikiliza Dodoma mwaka mzima, njooni tuijadili

Mtoto wa Mashine (mleta uzi)

Wakuu, mbukwenyi.

Najua jukwaa hili ni la Singeli na Bongo Fleva, na mara mojamoja anatokea mtu anatupia nyimbo za Mbaraka Mwinshehe tunaanza kukumbuka miaka ambayo hatukuwepo. Leo naleta kitu cha mbali. Mkinishambulia nitavumilia, nimeshazoea. Hapa Nkuhungu ninapopanga, jirani ameshanigongea mlango mara mbili kuuliza kama nachomelea geti.

Kuna bendi ya Marekani inaitwa Yo La Tengo. Watu watatu tu. Ira Kaplan yuko kwenye gitaa na kinanda, Georgia Hubley kwenye dramu, James McNew kwenye besi, na wote wanaimba. Ira na Georgia ni mtu na mkewe. Bendi waliianzisha mwaka 1984 huko Hoboken, mji mdogo wa New Jersey unaotazamana na New York ng'ambo ya mto. Albamu ninayoileta inaitwa I Can Hear the Heart Beating as One. Ilitoka Aprili 1997 chini ya lebo ya Matador. Nyimbo 16, dakika 68 hivi. Nikienda Mtumba kazini na kurudi kwa daladala, inaisha yote.

Jina la bendi lina kisa chake, nikieleze kwa kifupi kwa sababu nakipenda. Mwaka 1962 timu ya besiboli ya New York Mets ilikuwa na mchezaji kutoka Venezuela, Elio Chacón, ambaye Kiingereza kilikuwa kinampiga chenga. Mpira ukipaa, mwenzake Richie Ashburn anakimbia huku akipaza sauti kama kipa wetu anavyopaza "wangu!", Chacón haelewi, wanagongana. Ashburn akafundishwa aseme kwa Kihispania: yo la tengo, yaani ninao mimi. Siku ikafika, akapaza, Chacón akasimama vizuri kabisa. Akatokea mchezaji wa tatu asiye na habari yoyote ya Kihispania, akamvaa Ashburn, chini wote wawili. Ndivyo kinavyosimuliwa. Bendi ikachukua jina hapo.

Sasa albamu yenyewe. Nilipewa kwenye flashi na jamaa niliyesoma naye UDOM, na mara ya kwanza niliichukia. Inaanza na kipande kifupi kisicho na mwimbaji, gitaa linatembea polepole kama mtu aliyeamka hajanawa uso. Nikasema sawa, hii ni ya kulalia. Halafu Georgia anaimba kwa sauti ya mtu asiyetaka kumwamsha mtoto, juu ya besi inayorudia mstari uleule. Bado sawa. Wimbo wa tatu, Sugarcube, gitaa likaingia limechafuka, linakwaruza, nikavua hedifoni nikaanza kukagua waya. Wa nne ukanyamaza tena. Wa tano ni ukuta wa magitaa. Wa sita ni wa kubembeleza, dakika mbili na nusu, umekwisha.

Nikajiuliza, hawa watu wanataka nini hasa?

Kilichonirudisha ni ule wa tano, Deeper Into Movies. Usiku mmoja umeme umekatika, simu ina asilimia kumi, nikauweka kwa hedifoni gizani. Magitaa yanaunguruma kama lori linapanda mlima, na ndani yake watu wanaimba taratibu. Hawapandishi sauti ili wayashinde magitaa. Wanaimba kwa upole uleule wa kwenye nyimbo za kubembeleza, ila wamo ndani ya ngurumo.

Hapo niliiona khanga ya mama yangu.

Mimi nimekulia kwenye mashine ya kusaga. Baba alikuwa nayo kijijini upande wa Bahi, injini ya dizeli ya kuwasha kwa hendeli, mkanda mrefu, kibanda cha bati. Ikiwaka, mabati yote yanatetemeka na huwezi kumsikia hata anayekuita kutoka mlangoni. Wateja waliongea kwa vidole: debe moja, debe na nusu, koboa kwanza. Saa nne mama alikuwa analeta chai. Hakupiga kelele hata siku moja. Anaweka birika juu ya gunia la uwele, anapita nyuma ya mkanda amekusanya khanga mkononi isije ikanaswa, anaweka mdomo kwenye sikio la baba, anasema anachotaka kusema. Akitoka hapo shavu moja limejaa unga. Baba anatikisa kichwa, siku nyingine anacheka peke yake muda mrefu. Sijawahi kujua walikuwa wanaambiana nini. Jioni injini ikizimwa walikuwa wanaongea mambo ya kila mtu, karo, mbuzi, deni la dizeli, huyu upande huu wa ua na yule upande ule.

Kwa hiyo mimi nikisikia mtu ananiambia nyimbo za kelele na nyimbo za mapenzi ni vitu viwili tofauti vilivyochanganywa kwenye albamu moja, namuelewa, lakini sikubaliani naye. Albamu ya mapenzi mwanzo mwisho naichoka ikifika wimbo wa nne, kama MC wa harusi asiyejua kunyamaza. Hii sijaichoka.

Ninaoupenda kuliko yote ni Autumn Sweater. Gitaa limewekwa pembeni, kinanda na dramu ndivyo vinavyobeba. Ni mtu mwenye haya, nyumba imejaa wageni, anatamani yeye na mwenzake wachomoke bila kuaga. Ni hilo tu. Sweta lenyewe ni la majira ya majani kupukutika huko kwao, lakini aliyewahi kusubiri daladala Dodoma saa kumi na mbili asubuhi mwezi wa saba, na ule upepo, hahitaji kutafsiriwa.

Mwishoni kuna kipande cha zaidi ya dakika kumi, Spec Bebop, kinanda kinasagwa tu, hakuna neno. Nilikuwa nakiruka. Siku niliyoacha kukiruka ndiyo nikaelewa kwa nini wimbo wa kufungia, wa dakika mbili na kidogo, Georgia anaimba wimbo wa zamani uliorekodiwa na Anita Bryant mwaka 1960, unaingia kama maji ya mtungi.

Uzi tayari. Nani mwingine anaisikiliza hii hapa makao makuu, au niko peke yangu na jirani yangu?

Kamba Mbili

Mkuu umeandika gazeti. Nimeifungua, dakika mbili, nimefunga. Hizo ni kelele, tusitafutiane sifa. Nyimbo za mapenzi tunazo, za watu wetu, na maneno tunayaelewa.

Zabibu Kavu

Eti anachomelea geti 😂😂 nimeweka kambi hapa.

Fundi wa Majengo

Nimekuja kumtetea mleta uzi kwa upande wa ufundi tu, mambo ya mapenzi siyajui.

Kila wiki naletewa redio, mtu anasema spika imekufa, inakwaruza. Nusu ya hizo spika ni nzima. Mwenye nayo ameongeza sauti mpaka amplifaya imezidiwa. Ikizidiwa, wimbi la sauti linalotakiwa kupanda na kushuka likiwa na mgongo wa mviringo linakatwa kichwa, linakuwa bapa. Huko kukatwa kunazaa sauti nyingine nyembamba juu ya ile ya mwanzo, ndizo sikio linaziita mikwaruzo. Wapiga gitaa wa roki wanaifanya kwa makusudi, wana pedali chini ya mguu, wakikanyaga kichwa kinakatwa, wakiachia kinarudi.

Ule mluzi unaoingia katikati nao mnaujua wote. Ni maiki ya harusi, mshereheshaji akisogea mbele ya spika: maiki inasikia sauti yake yenyewe, inairudisha, inaisikia tena, mpaka ukumbi mzima unaziba masikio. Gitaa la umeme linafanya vilevile likielekezwa kwenye amplifaya yake. Tofauti ni kwamba mshereheshaji anakimbia, na huyu Kaplan anasogea karibu zaidi, anageuza gitaa kidogo kidogo kama anatafuta stesheni. Kuudhibiti mluzi ule usitoroke ni kazi. Mimi nimejaribu na gitaa la mteja, nikashindwa.

Nimeipiga albamu hii leo mezani kwangu kwenye redio iliyokuja kutengenezwa. Mwenye redio amepita, amesikiliza nusu dakika, ameniomba nimrudishie kabla sijaiua kabisa.

Mwana wa Mvumi

Vijana, mbukwa. Mimi si mtu wa roki lakini nimesoma mpaka mwisho kwa sababu ya ile mashine ya kusaga.

Mnabishana kama kelele ni muziki, na mko Ugogoni. Chukueni ilimba, ala yetu ya visu vya chuma inayopigwa kwa vidole gumba. Ubao wake una matundu, na juu ya matundu hayo wazee walikuwa wanabandika utando wa buibui, ule mweupe mgumu anaofunikia mayai yake. Ukipiga kisu cha chuma, utando unatetemeka, sauti inatoka na mvumo juu yake. Mvumo ule si ubovu. Fundi anautafuta kwa makusudi, na utando ukipasuka anakwenda kutafuta mwingine kwenye kuta. Ilimba isiyovuma kwetu ni kama mboga isiyo na chumvi.

Kuna jambo jingine. Ilimba kubwa ina visu vingi, na vingine havipigwi kabisa. Vimekaa pembeni, jirani yake akiguswa navyo vinaitika. Msikilizeni marehemu Hukwe Zawose, mwana wa Dodoma aliyefundisha Bagamoyo, aliyefariki mwaka 2003. Rekodi zake za lebo ya Real World zipo mtandaoni. Anaimba kwa sauti nyembamba ya juu, ya kubembeleza kabisa, na chini yake chuma kinavuma. Binti yake na mjukuu wake wanaendelea: Zawose Queens walitoa albamu yao mwaka 2024, inaitwa Maisha, kwa lebo hiyohiyo.

Nimeona mtu wa dramu katika hiyo bendi yenu ni mwanamke. Kwetu hilo si habari. Muheme ni ngoma ya wanawake, wanaibana mapajani na kuipiga wakiwa wamesimama, na ukiwa karibu unaisikia kifuani kabla ya masikioni.

Kamba Mbili

Shikamoo mzee. Hapo kwenye ilimba umenibana, bibi yangu ni wa Chamwino na ule mvumo naujua. Lakini mzee, ilimba ina mpangilio. Hao jamaa wimbo huu wanakubembeleza, unaofuata wanakukwaruza. Wachague moja.

Mwana wa Mvumi

Marahaba mwanangu. Wewe si mpenzi wa dansi? Wimbo wa dansi unaanza mtu analia kuhusu mpenzi aliyemkimbia, taratibu, kila neno lasikika. Ikifika katikati magitaa yanachemka, watu wanasahau nani alikimbiwa, vumbi juu. Mbona hapo huwaambii wachague moja?

Zabibu Kavu

Kamba Mbili imekatika moja 😂

Mama wa Kizota

Habari zenu. Naomba niseme tofauti kidogo.

Mleta uzi umeandika vizuri, ile ya khanga imenigusa. Lakini mnavyokwenda naona mnataka kutuambia kelele na mapenzi ni chanda na pete. Mimi nimeishi kwenye nyumba ya kelele miaka sita. Hakukuwa na wimbo wa kufungia mtamu. Ukimya ulikuwa unaogopesha kuliko makelele, kwa sababu ulikuwa unajua kinachofuata. Kwa hiyo mwanaume akiniambia kelele ndizo zinazoupa upole thamani, mwili unanisisimka.

Nimeisikiliza albamu hata hivyo. Nimeipenda Shadows na ule wa mwisho. Sugarcube nimeurudia mara tatu nikiwa nafua, sijui kwa nini.

Mtoto wa Mashine

Dada, asante. Nimekaa na maneno yako tangu mchana na sikutaka kukujibu haraka.

Uko sahihi, na niliandika kama mtu ambaye kelele za kwao zilikuwa za injini. Nimeirudia albamu jioni hii nikiwa na swali lako. Ninachoweza kusema ni kuhusu hawa watatu tu. Kwenye zile nyimbo za ngurumo, hakuna anayempigia mwenzake kelele. Dramu ni za Georgia, gitaa ni la Ira, wanaijenga ile ngurumo pamoja na wote wanatazama upande mmoja. Sikiliza Stockholm Syndrome: James anaimba wimbo mpole kwa sauti nyembamba, katikati gitaa linakuja linapasua kila kitu, na James akirudi anarudi na sauti ileile. Hajaogopa. Gitaa halikuja kwa ajili yake.

Naona hiyo ndiyo tofauti, na ningeiandika tangu mwanzo kama ningekuwa nimeifikiria. Kelele za baba zilikuwa za kusaga unga.

Mama wa Kizota

Hiyo naikubali. Na nimejua kwa nini Sugarcube: unaweza kupiga kelele zako mwenyewe bila kumuumiza mtu. Narudi kufua.

Dereva wa Area C

Wakuu mimi ni wa bodaboda, nimevutwa na wimbo wa tisa, Little Honda. Ni pikipiki kweli au fumbo?

Mtoto wa Mashine

Pikipiki kweli, mkuu. Si wa kwao, ni wa Beach Boys wa mwaka 1964, vijana wa California walioimba kwa sauti za kwaya safi kabisa wakisifia Honda ndogo. Yo La Tengo wameuchukua wakautoa masega. Gitaa lao pale ni eksozi iliyotobolewa.

Dereva wa Area C

Nimeusikiliza kijiweni. Wenzangu wamesema hiyo pikipiki inahitaji pistoni mpya. Lakini mmoja ameomba nimrushie.

Fundi wa Majengo

Mleta uzi nina swali. Wimbo wa kumi, Green Arrow, hauna mwimbaji, gitaa linateleza tu, na nyuma nasikia nyenje. Ni wa kwenye rekodi au ni wa kwangu? Niko uani.

Mtoto wa Mashine

Ni wa kwenye rekodi. Lakini ukiusikiliza uani usiku hutajua wao wanaishia wapi na wako wanaanzia wapi. Mimi niliwahi kuzima muziki wakaendelea, nikaangalia simu kama imegoma.

Zabibu Kavu

Sasa tuache utani. Mtu kama mimi, roki sijui, Kiingereza cha kuungaunga, nianzie wapi? Nyimbo 16 ni nyingi.

Mtoto wa Mashine

Kwa Kiingereza usihangaike, sauti zenyewe wamezizamisha, hata wenye lugha yao wanategea sikio. Watu wengi watakuambia uanze na nyimbo laini, uzoee, halafu uende kwenye kelele. Mimi nasema usifanye hivyo. Ukianza na laini tupu utaona ni bendi ya kubembelezea tu, na ukifika kwenye kelele utahisi umetapeliwa. Chukua wa tano na wa sita, Deeper Into Movies na Shadows, kwa mpangilio huo, bila kusimamisha katikati. Ule mpasuko kati yao, gitaa linapokatika na sauti ya Georgia kuingia, ndio mlango. Ukiingia pale, rudi mwanzo usikilize yote. Usipoingia basi, Singeli ipo, hakuna ugomvi.

Na usitumie spika ya simu. Spika ya simu inageuza kila kitu kuwa nyuki kwenye kopo.

Kamba Mbili

Nimefanya alivyosema, kwa hedifoni, taa nimezima. Sitaki kuongea sana. Ule wa tano bado ni kelele. Wa sita nimeusikiliza mara nne. Halafu nikaujaribu wenyewe bila kuanzia wa tano, haukuwa uleule. Nimeudhika kidogo.

Mwana wa Mvumi

😀

Mama wa Kizota

Mleta uzi, swali la mwisho kabla sijalala. Wazee wako wapo? Na ile mashine bado ipo?

Mtoto wa Mashine

Wapo dada, wote wawili, Mungu ni mwema. Mashine ipo ila siku hizi ni ya umeme, inalia kidogo tu, mteja anaweza kuongea na simu humohumo ndani. Anayeisimamia ni mdogo wangu. Mzee sikio la kulia limekwenda, ile dizeli ililila. Nilikuwa huko Pasaka. Mama alimletea chai chini ya mti, pamenyamaza kabisa, hata upepo hakuna. Akazunguka nyuma ya kiti mpaka upande wa kushoto, akakusanya khanga mkononi, akainama.